Miguu ya Kutua na Haidroliki Yake

Miguu ya kutua ni sehemu zote zinazoibeba ndege ikiwa ardhini na kupokea kishindo inapotua: nguzo za chuma, magurudumu, breki, makomeo na, kwa ndege ambayo miguu yake hukunjwa, mitambo ya kuikunja na kuikunjua. Watu wengi husema tu "magurudumu". Kwa abiria neno hilo latosha, kwa fundi halitoshi, maana gurudumu laweza kuwa zima ilhali mguu unaolishika haujakomewa. "Gia ya kutua" ni tafsiri mbaya zaidi. Mtu yeyote aliyepita kwenye gereji ya Garsen au Malindi akisikia gia hufikiria giaboksi.

Haidroliki ni kazi inayofanywa na kimiminiko kilichobanwa. Asili yake ni maneno ya Kigiriki yenye maana ya maji na bomba, ingawa ndani ya ndege hakuna maji, ni oili. Neno hili limeshakaa katika Kiswahili na halihitaji kubadilishwa. Msukumo wa oili iliyobanwa ndani ya bomba huitwa kanieneo vitabuni na presha karakanani. Kanieneo ni istilahi nzuri sana, kwani inajieleza yenyewe: ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Presha ileile ikisukuma pistoni pana hutoa kani kubwa, ndiyo maana pampu ndogo huweza kuinua miguu ya ndege nzima.

Mafuriko yanapoifunika barabara ya Garsen hadi Lamu, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023, ndege ndogo huwa mojawapo ya njia chache za kuifikia delta ya Tana na vijiji kama Kilelengwani. Kwa viwanja vya udongo, ndege ya miguu isiyokunjwa, mfano Cessna 206, ndiyo ya busara. Cessna 210, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa la 1960, hukunja miguu yake ili iende kasi zaidi, na kasi hiyo ina gharama. Katika zile za awali pampu ya haidroliki iliendeshwa na injini. Kuanzia toleo la 1972 inaendeshwa na mota ya umeme, ambayo huwaka presha ikishuka hadi takriban ratili 1,000 kwa inchi ya mraba na kuzima ikifika 1,500.

Kusaka hitilafu huanza na sauti ya pampu hiyo. Ikiwa kimya kabisa, huangaliwa umeme kwanza: fyuzi, relei, swichi, kisha mota. Ikinguruma bila kukoma na miguu haisogei, mara nyingi oili imepungua au hewa imeingia kwenye mabomba. Ikiwa miguu imekunjwa na pampu inawaka kila baada ya muda mfupi, presha inavuja mahali. Oili ya ndege hizi ni nyekundu, kwa hiyo uvujaji wa nje huacha alama tumboni mwa ndege. Pasipo alama, uvujaji ni wa ndani: sili za mpira zimekakamaa kwa miaka mingi ya joto, na oili inapenya kando ya pistoni au kwenye vali.

Pampu ya mkono, iliyo kati ya viti vya mbele, ni kipimo kizuri kuliko vyote. Ikiishusha miguu, basi silinda na mabomba ni mazima na kosa liko kwenye pampu ya umeme au waya zake. Ikipigwa bila kukaza, oili imekwisha. Majaribio haya yote ya ardhini hufanywa ndege ikiwa juu ya jeki, kamwe si juu ya magurudumu yake.

Oili iliyopungua isijazwe kwa mafuta ya breki ya gari, hata kama ndiyo pekee yanayopatikana dukani, kwa sababu hutafuna sili za mpira, na uvujaji mdogo hugeuka mkubwa.

Rubani naye asiandike kwenye daftari la ndege "gia haishuki". Aandike kwamba pampu ilinguruma na kuzima, miguu mikuu ilionekana dirishani ikiwa chini, ila taa ya kijani ya kuonyesha kuwa miguu yote imekomewa haikuwaka. Fundi akisoma hivyo ataanza na balbu, kisha swichi ya mguu wa pua iliyojaa matope, kabla hajafungua bomba hata moja.