Vyuo Viwili, Mto Mmoja: Elimu ya Ufundi Mpakani Malaba

Kijana wa Bumala akisema anakwenda kusomea uhandisi nje ya nchi, mawazo ya watu huruka hadi Ujerumani, China au Marekani. Tumesahau upesi. Elimu ya juu ya ufundi katika Afrika Mashariki ilianza kwa safari fupi zaidi, ya kuvuka Mto Malaba, na kwa miaka mingi watu walivuka kutoka pande zote mbili: Wakenya wakielekea Kampala, Waganda wakielekea Nairobi. Husemwa kwamba kilichowavusha ni ujirani na undugu. Historia yenyewe inaeleza vingine. Waliovuka walivushwa na mgawanyo wa kazi baina ya vyuo, pamoja na vyeti vilivyokubalika pande zote mbili. Viwili hivyo vilipoondoka, ujirani ulibaki palepale, lakini ile biashara ya kubadilishana wasomi ikafa.

Makerere ya Kampala ilizaliwa 1922 ikiwa shule ya ufundi. Vijana 14 walianza kujifunza useremala, ujenzi na umekanika. Baadaye ikawa chuo cha Afrika Mashariki nzima: Julius Nyerere alisoma huko kuanzia 1943 hadi 1945, na Mwai Kibaki akatoka Kenya kwenda huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hapo awali msafiri wa Kenya alifika Kisumu kwa reli, kisha akapanda meli hadi Port Bell. Mwaka 1931 reli iliyopitia Eldoret, Malaba, Tororo na Jinja ilifika Kampala, na Malaba ikawa njiani. Upande wa pili, Royal Technical College ya Nairobi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1956, ikiwa imekusudiwa kuhudumia eneo zima. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mgawanyo ukawa bayana: udaktari na kilimo Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Tororo aliyetaka uhandisi wa chuo hicho alipaswa kwenda mashariki. Mwenzake wa Busia aliyetaka udaktari alikwenda magharibi.

Tazama aliyokuwa nayo mwanafunzi huyo safarini. Reli aliyosafiria ilikuwa ya shirika moja pande zote mbili, East African Railways and Harbours. Shilingi iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa ileile Nairobi na Kampala, hadi nchi zilipoanza kutoa fedha zao 1966. Mtihani wa sekondari alioufanya ulikuwa wa Cambridge, kama wa wenzake ng'ambo ya mto, na shahada aliyoifuata ilikuwa ya chuo kikuu kimoja. Ufa ulianza kabla ya talaka. Nairobi ilifungua kitivo chake cha udaktari 1967. Chuo kikuu cha pamoja kilipovunjwa 1970, Makerere ilianzisha kitivo cha teknolojia mwaka huohuo, na Dar es Salaam ikapata cha uhandisi 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilisambaratika 1977. Kisha 1985 Kenya ikaingia katika mfumo wa 8-4-4, kidato cha tano na cha sita vikawa njiani kufutwa, ilhali Uganda ilivibakiza. Toka hapo hata vyeti vya sekondari vya majirani hawa havikulingana.

Wapo watakaosema kwamba mpaka huu haujawahi kumzuia mtu. Kabla ya 1902 eneo hili lote lilikuwa Uganda, na hadi leo Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Ndugu wawili wa ukoo wa Awori wanatosha kuwa mfano: Moody alikuwa makamu wa rais wa Kenya, na Aggrey aligombea urais wa Uganda 2001. Isitoshe, tangu miaka ya 1990 Wakenya wengi wamefuata nafasi katika vyuo vikuu vya Uganda. Yote ni kweli, na ndiyo yanayothibitisha hoja. Undugu wa Wasamia haukupungua 1970, lakini mgawanyo wa masomo ulipungua, na ndio uliobadilisha mwendo wa wanafunzi. Wimbi la baadaye lilikuwa la wazazi walionunua nafasi zilizokosekana nyumbani, likielekea zaidi upande mmoja. Huo ni ununuzi. Kubadilishana huhitaji kila upande uwe na kitu ambacho mwenzake hana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpango ule ulikuwa wa kikoloni na wa wachache, na kwamba kitivo kimoja cha uhandisi kisingeweza kuzitosheleza nchi tatu huru. Hapa wakosoaji wana haki. Uganda ilistahili kuwa na wahandisi wake waliofundishwa nyumbani, na Kenya madaktari wake. Lakini kujenga vitivo vipya hakukulazimisha kuacha kutambuana. Kosa lilikuwa kuvunja vyote viwili, mgawanyo na kutambuana. Serikali zenyewe zimekiri hivyo kwa vitendo: Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki linafanya kazi kutoka Kampala, na 2012 bodi za wahandisi zilitia saini makubaliano ya kutambuana.

Leo Chuo Kikuu cha Busitema, upande wa Uganda, kinafundisha uhandisi wa mashine za kilimo, na Masinde Muliro ya Kakamega inafundisha sayansi na teknolojia. Katika kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa 2018, lori la mizigo hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Cheti cha mwanafunzi bado hupelekwa kulinganishwa, kwa ada na kwa kungoja. Vyuo hivi viwili vikikubaliana kwamba muhula wa Busitema uhesabiwe Kakamega, na wa Kakamega uhesabiwe Busitema, kila kimoja kikitoa somo ambalo mwenzake hana, mabadilishano ya zamani yatarudi bila kungoja chuo kikuu kipya cha Afrika Mashariki. Wakuu wa vyuo na tume za elimu ya juu ndio wenye uwezo wa kuyaanzisha, na historia ya 1963 hadi 1970 imewapa mfano wa kufuata na kosa la kuepuka.