Mtu ni Afya: Habari za Mwaka 1973

Serikali ya Tanzania ilipokwisha kutambua, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, ya kuwa hospitali chache ilizorithi, nyingi zikiwa mijini, hazimfikii mkulima wa bara, na ya kuwa hata zingemfikia, maradhi yaliyokuwa yakimlaza, yaani homa ya malaria, safura, kichocho na kuhara damu, ni katika yale ambayo kuyazuia ni bora kuliko kuyatibu, ndipo elimu na afya, mambo mawili yaliyozoea kukaa kila moja katika wizara yake, yalipoketishwa chini ya mwembe mmoja.

Njia ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaunda vikundi vya kusikiliza redio, kwa ajili ya uchaguzi, kisha, 1971, kwa kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Amma kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa bahari mbele ya visima hivyo: watu wapatao milioni 2 walihudhuria, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kabla yao, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi kijiji. Redio ilisema, kiongozi akasoma kitabu cha kampeni kwa sauti, maana wengi wa waliomzunguka hawakujua bado kusoma, watu wakajadiliana, kisha, na hapa ndipo palipokuwa na uzito, wakakata shauri la kazi, kama kufukia madimbwi, kufyeka majani au kuchimba choo.

Na jina lile la kampeni halikukosa hikima, kwani neno afya, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya salama na kuepushwa na balaa, si kupona tu baada ya kuugua.

Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Lakini choo si shimo tu. Kitabu kilijua habari za minyoo, wala hakikuwa na shida ya kumweleza mtu jinsi mdudu apitavyo katika nyayo zake. Bali pale ambapo mila haimruhusu mkwe na mkaza mwana kuingia mlango mmoja wa faragha, boma moja lilihitaji mashimo mawili, na jambo hilo, nionavyo mimi, lilikuwa la wazee kulitengeneza kwa taratibu zao, si la redio kulitangaza.

Mtihani mkubwa ulitoka kwa serikali yenyewe. Novemba ya mwaka ule ule wa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, si hiari tena, na katika operesheni zilizofuata mamilioni ya watu walihamishwa, hata yule aliyechimba kwa jasho lake na kuezeka kwa makuti akaambiwa ahame, akachimbe upya kwenye kiwanja alichopimiwa, karibu na majirani ambao hawakuwa wa kikundi chake.

Mwaka 1975 redio ikaita watu tena, safari hii kwa kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakaja, wakaketi, ila wengine, katika vijiji vile vipya, waliketi juani, kwa kuwa mwembe ulikuwa bado ni mche.