Kodi ya Umbeya: Dola na Wanamitandao nchini Uganda

Mvutano kati ya serikali ya Uganda na wakosoaji wake wa mitandaoni ulidhihirika mwezi Aprili 2011, pale wapinzani walipohimiza wananchi watembee kwa miguu kwenda kazini kupinga ughali wa mafuta na chakula, nayo Tume ya Mawasiliano ikayataka makampuni ya intaneti yafunge Facebook na Twitter kwa saa 24. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 mitandao ya kijamii ilifungwa kweli, lakini wengi walikimbilia VPN, yaani programu zinazoficha mahali alipo mtumiaji, wakaendelea kuandika.

Lililozua manung'uniko makubwa zaidi ni kodi. Mwezi Machi 2018 Rais Yoweri Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha akidai kwamba mitandao inaeneza lugambo, neno la Kiganda lenye maana ya umbeya, na kuanzia Julai 1 kila aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alilazimika kwanza kulipa shilingi 200 kwa siku, tena kwa pesa za simu, huduma ambayo nayo ilikuwa imetozwa kodi mpya siku hiyohiyo. Kiasi hicho kilikuwa kidogo kwa mwenye mshahara na kizito kwa kijana asiye na kazi, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiisema serikali. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba shabaha yake ilikuwa mapato tu. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, mahali pake pakawekwa tozo ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti.

Pale kodi iliposhindwa kunyamazisha, ilitumika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere aliyeandika Facebook kwa matusi ya makusudi, alihukumiwa mwezi Agosti 2019 kifungo cha miezi 18 kwa shairi lililomlenga Rais, hadi Mahakama Kuu ilipomwachia huru Februari 2020.

Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, ingawa Bunge lilikuwa limekwisha kuongeza makosa mapya mwaka 2022, na Facebook, iliyofungwa siku mbili kabla ya kura zile, ilikuwa ingali imefungwa.