Wino Uishindao Asidi

Katika historia ya ufundi kuna siri moja ndogo iliyopita mikononi mwa watu wa namna nyingi. Siri yenyewe ni hii: ukitaka kuchora juu ya chuma au shaba kwa asidi, pafunike mahali utakapo pabaki, kisha iachie asidi ile mahali palipo wazi. Mtengeneza batiki hufanya vivyo hivyo anapoikinga nguo kwa nta ili rangi isiingie.

Mafundi wa Ulaya waliopamba mavazi ya chuma ya askari waliijua siri hiyo tangu zamani. Mnamo mwaka 1500 hivi, Daniel Hopfer wa mji wa Augsburg, Ujerumani, alichora bamba la chuma kwa asidi, akalipaka wino, akapiga chapa picha juu ya karatasi. Katika karne ya 17 Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, alitumia mabamba ya shaba kwa kazi hiyo hiyo.

Siri hiyo iliingia katika umeme kwa mkono wa mtu aliyekuwa mgeni na mhitaji. Paul Eisler, Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, alikuwa mhandisi aliyejua pia kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1936 alihamia Uingereza, akapanga chumba London. Zamani zile redio ilijaa waya zilizounganishwa moja moja kwa mkono. Eisler aliwaza: kama maneno yaweza kupigwa chapa, mbona njia za umeme zisipigwe? Akaunda redio ya namna hiyo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kampuni moja aliyoipelekea ilimkataa, ikiona kwamba wasichana wa kuunganisha waya walikuwa rahisi zaidi. Hakuvunjika moyo, mwaka 1943 aliomba haki ya uvumbuzi wake. Baada ya vita viwanda vilianza kuufuata ufundi huo.

Utaratibu wake ni huu. Shaba nyembamba hubandikwa juu ya ubao usiopitisha umeme. Njia za umeme hufunikwa kwa wino, kisha ubao hutiwa katika maji makali, mathalan ya kloridi ya feri. Shaba iliyo wazi huliwa. Iliyofunikwa husalia, ikawa ndiyo waya.

Lakini mtu wa nyumbani, asiye na kiwanda, afanyeje? Kwa miaka mingi alichora kwa mkono, naye mkono hutetemeka, wala hauwezi kurudia mchoro uleule mara mbili. Mwaka 1959 kampuni ya Calcomp ya Marekani ilitoa mashine iliyoongozwa na kompyuta, ikichora kwa kalamu juu ya karatasi iliyozungushwa na pipa. Katika miaka ya 1980 mashine za kuchora zilikuwa zimepungua ukubwa hata kutosha juu ya meza. Ndipo wapenda ufundi wakaondoa kalamu ya kawaida, wakatia yenye wino uishindao asidi, na badala ya karatasi wakaweka ubao wa shaba. Mashine zilizovuta karatasi kwa magurudumu hazikufaa sana, kwa kuwa ubao haupindiki. Zilizofaa ni zile ambazo kitu hulala kitako na kalamu ndiyo itembeayo.

Hata hivyo kazi haikuwa nyepesi. Shaba iliyoshikwa kwa vidole vyenye mafuta huukataa wino. Kalamu ikikimbia mno, mstari hukatika. Ikikawia, wino hutapakaa na njia mbili hugusana. Pengo jembamba kama unywele latosha kuinyamazisha redio nzima, maana asidi haijui nia ya mchoraji. Hupita popote ipatapo mlango. Kwa hiyo fundi mwema aliukagua ubao wake kwa kioo cha kukuzia, akaziba kila pengo kwa mkono kabla ya kuutia majini. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Siku hizi wengi huagiza mbao hizo kiwandani. Lakini tukumbuke, wanafunzi, kwamba ufundi huu uliingia katika umeme kwa mtu wa chumba cha kupanga, na kwamba hata mashine ichorayo kwa unyofu haikumwondolea mtu wajibu wa kuitazama kazi yake kwa jicho lake mwenyewe.