Safu ya Lugha: Mfumo

Mfumo (wingi: mifumo) ni nomino iliyotokana na kitenzi fuma, yaani kupitisha nyuzi zishikamane kuwa kitambaa. Maana iliyoenea leo ni mpangilio wa sehemu zinazotegemeana. Katika biashara, mfumo wa kusimamia rasilimali za kampuni huunganisha uhasibu, mishahara, ununuzi na ghala. Jina lake la kifupi, ERP, lilibuniwa na kampuni ya Gartner mwaka 1990.

Awali kampuni nyingi zilinunua mfumo mzima kwa muuzaji mmoja. Sasa nyingi huchanganya programu za wauzaji mbalimbali. Kwa mfano, eneo la Washington, D.C., limejaa makandarasi wa serikali, wanaopaswa kuonyesha saa za wafanyakazi zilitumika kwenye kandarasi ipi. Kampuni ya Deltek ya Herndon, Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1983, huwauzia programu ya Costpoint kwa kazi hiyo. Mishahara inaweza kushughulikiwa na programu ya muuzaji mwingine. Mradi mmoja ukisajiliwa kwa namba tofauti katika programu hizo mbili, saa za wafanyakazi hukosa pa kuingia kwenye ankara.

Kwa hiyo kila sehemu peke yake huitwa programu. Mfumo ni jumla ya programu zilizounganishwa zikabadilishana taarifa.