Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Fedha Zilikwenda Wapi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Ni methali inayotia moyo, na ndiyo maana tunaipenda. Lakini historia ya muziki ina mifano mingi ya watu waliocheza kwao, dunia nzima ikacheza nao, na tuzo ikaangukia mikononi mwa wengine. Leo, ndugu msikilizaji, tuutazame mfano wa vijana wa Chicago, Marekani, walioanzisha muziki wa hausi, na zile santuri za mkusanyiko zilizouvusha bahari.

Tuanzie tarehe 12 Julai, 1979. Siku hiyo, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, aliyeleta santuri ya disko aliingia kwa senti 98 tu. Santuri hizo zilikusanywa zikalipuliwa kwa baruti katikati ya uwanja. Watu wakavamia uwanja, na mchezo wa pili wa siku hiyo ukashindwa kuchezwa. Kampuni kubwa za muziki nazo zikaanza kulipa disko kisogo. Wengi waliamini limekwisha.

Lakini mji huohuo ulikuwa na klabu iliyofunguliwa mwaka 1977 na kuitwa The Warehouse, yaani Ghala. Mpiga santuri wake, Frankie Knuckles, aliyetoka New York, aliendelea kupiga disko mpaka alfajiri. Waliofika pale wengi walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja waliokuwa hawakaribishwi kwingine. Santuri mpya za disko zilipoadimika, Knuckles alizirefusha za zamani kwa kukata tepu na kuziunga upya, na baadaye akazitia midundo ya ngoma za mashine. Inasimuliwa kwamba watu walikwenda madukani kuulizia santuri zinazopigwa Warehouse, jina likakatwa mkia wake wa mbele, ikabaki "hausi".

Mwaka 1984 kijana Jesse Saunders alitoa santuri iitwayo On and On, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya hausi. Haikuhitaji bendi wala studio ya fahari. Vijana wenzake walipoisikia wakasema, kumbe hata sisi tunaweza. Marshall Jefferson, aliyetunga Move Your Body mwaka 1986, alikuwa mfanyakazi wa posta. Huyo ndiye mtunzi wa hausi wa siku zile: mtu mwenye ajira ya kawaida mchana, na mashine moja au mbili chumbani usiku.

Kampuni mbili za Chicago, Trax na DJ International, ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya kazi hizo. Larry Sherman, mwenye Trax, alikuwa na kiwanda chake cha kutengeneza santuri. Bidhaa zake zilijulikana kwa mikwaruzo, kwa sababu plastiki ya santuri kuukuu ilisagwa na kutumika tena. Kuhusu malipo, wanamuziki wengi wa wakati ule wamesimulia habari inayofanana: fedha taslimu kidogo, mara moja, kisha kimya.

Hapo ndipo London inapoingia. Santuri moja ya inchi 12 kutoka Marekani ilikuwa ghali, na ilipatikana katika maduka machache tu. Mwaka 1986 kampuni ya London Records ilikusanya nyimbo za DJ International katika santuri ndefu, ikaipa jina la The House Sound of Chicago, yaani Sauti ya Hausi ya Chicago. Mnunuzi aliyekuwa na fedha za santuri moja akapata wasanii kadhaa kwa mpigo. Zaidi ya hapo, akapata jina la muziki na jina la mji. Mwaka huohuo Farley "Jackmaster" Funk aliingia katika nyimbo kumi bora za Uingereza kwa Love Can't Turn Around, na Januari 1987 Steve "Silk" Hurley akashika namba moja kwa Jack Your Body.

Ikafuata asidi, yaani tindikali. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imeunda kifaa kiitwacho TB-303, kishike nafasi ya gitaa la besi. Hakikuuzika, na mwaka 1984 kikaacha kutengenezwa, kikawa cha kununuliwa mtumba. Vijana watatu wa kundi la Phuture, DJ Pierre, Spanky na Herb J, wakakizungusha vifungo vyake kinyume cha maelekezo, kikatoa mlio wa kukoroma na kupinda. Wakampelekea tepu Ron Hardy, mpiga santuri wa klabu ya Music Box. Inasimuliwa kwamba alipoipiga mara ya kwanza watu waliondoka ukumbini. Akairudia usiku uleule, na mara ya nne watu wakapagawa. Mwaka 1987 ikatoka kwa Trax kama Acid Tracks, ikiwa na urefu wa zaidi ya dakika 10.

Kufikia mwaka 1988 Uingereza ilikuwa imefurika mikusanyiko yenye neno hilo kwenye jalada. Soko lilikuwa moto kiasi kwamba santuri iitwayo Jack the Tab ilitolewa kama mkusanyiko wa wasanii mbalimbali, kumbe ni kazi ya kikundi kidogo cha Waingereza, akiwemo Genesis P-Orridge, waliojibandika majina ya uongo. Mwaka huohuo Neil Rushton alikusanya nyimbo za vijana wa Detroit kwa ajili ya kampuni ya 10 Records. Santuri hiyo ilikuwa iitwe Sauti ya Hausi ya Detroit, lakini wimbo wa Juan Atkins ulikuwa na neno tekno, basi jina likabadilishwa. Hivyo jalada moja likaupa muziki mwingine jina linalotumika mpaka leo.

Sasa tujiulize, fedha zilipitaje? Kampuni ya London hailipi msanii moja kwa moja. Inanunua kibali kutoka kwa kampuni ya Chicago, na hiyo ndiyo inayotakiwa kumgawia msanii. Kama msanii alishatia saini karatasi inayosema ameuza kila kitu, au kama hana nakala ya mkataba, mrabaha unakomea njiani. Na kwa kuwa jalada linatangaza mji na mtindo kwa herufi kubwa, majina ya watunzi yakiwa madogo kwa nyuma, mnunuzi hajui amuulizie nani.

Larry Heard, aliyetunga Can You Feel It, na mwimbaji Robert Owens waliipeleka Trax mahakamani mwaka 2020. Mwaka 2022 pande hizo zilipatana, na wawili hao wakarudishiwa haki za kazi zao, miaka zaidi ya 30 baada ya kuzirekodi. Mwaka huohuo Marshall Jefferson na wenzake wengi nao wakafungua kesi yao wakidai kutolipwa. Spanky wa Phuture alifariki mwaka 2016, na Ron Hardy alikuwa ameshafariki mwaka 1992.

Mji wa Chicago, kwa upande wake, umetuza. Mwaka 2004 sehemu ya mtaa ilipokuwa The Warehouse ilipewa jina la Frankie Knuckles. Alifariki mwaka 2014, na mwaka 2023 jengo lenyewe likatangazwa kuwa la kumbukumbu. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, kibao cha mtaa hakilipi kodi ya nyumba ya mtunzi.

Tusiilaumu santuri ya mkusanyiko. Bila hiyo, midundo ile huenda ingebaki Chicago. Ila kijana wetu anayeingia studio leo na wimbo wake, akaambiwa utawekwa pamoja na nyimbo za wenzake ili usikike mbali, na ashukuru, kisha aulize mambo matatu kabla ya kushika kalamu: nani mwenye tepu, nani analipwa, na nakala yangu ya mkataba iko wapi.