Kutoka Dala hadi Msimbazi: Miaka 60 ya Benki Kuu ya Tanzania

Kabla ya Juni 14, 1966, shilingi tuliyoitumia haikuwa yetu. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960. Bodi ile ilifanana zaidi na duka la kubadilishia fedha: leta pauni moja, upewe shilingi 20, rudisha shilingi 20, upewe pauni yako. Kupanga riba au kuzisimamia benki za biashara haikuwa kazi yake.

Wazo la benki kuu moja ya Kenya, Uganda na Tanzania liliposhindikana, Bunge letu likapitisha sheria Desemba 1965. Mwalimu Nyerere akaifungua benki Juni iliyofuata, akampa ugavana Edwin Mtei, kijana wa miaka 33. Sarafu mpya zilikuwa na sura ya Mwalimu upande mmoja. Upande wa pili senti 20 ilibeba mbuni, sumni, yaani senti 50, ikabeba sungura, na shilingi moja mwenge. Hata mwaka haujaisha, Azimio la Arusha likaja na benki za biashara zikataifishwa. Benki changa ikajikuta inahudumia uchumi wa mipango.

Miaka ya mwisho ya 1970 ilikuwa migumu: mafuta yalipanda bei, vita ya Kagera ikala akiba ya fedha za kigeni. Mtei, wakati huo Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwamo la kushusha thamani ya shilingi. Baadaye shilingi ilishushwa tu, tena sana, hasa kuanzia 1986. Mwaka 1966 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Leo inapita 2,000. Dala, yaani shilingi tano iliyotosha nauli, imebaki kwenye jina la daladala. Siku hizi tunahesabu kwa buku, yaani shilingi elfu moja, na msimbazi, noti ya shilingi elfu kumi.

Kwa maoni yangu, mageuzi makubwa kuliko yote ni sheria ya 1995, iliyoipa benki jukumu kuu la kulinda utulivu wa bei. Januari 2024 benki ikaanza kuongoza uchumi kwa Riba ya Benki Kuu, asilimia 5.5 kwa kuanzia.

Kama bado umeficha noti za zamani chini ya godoro, umechelewa: muda wa kubadilisha zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 ulikwisha Aprili 5, 2025.